Nyumba ya Jurema

Wakili Everaldo alirudi kutoka mahakamani, jijini Recife, Brazili, akiwa hoi. Mchana alitetea watu. Jioni alisoma vitabu vya watu na kuvikosoa gazetini. Kazi zote mbili zilimletea maadui, na makala ya wiki hii hakuwa ameandika hata neno.

Jirani yake Jurema alikuwa akitia sufuria kwenye gunia.

"Safari ya wapi, mama?"

"Kwa dada yangu, Wakili. Shemeji Gilvan anaitaka nyumba ya kaka yake. Anasema mimi si mke, hawara tu."

Biu, mwenziwe Jurema na kaka wa Gilvan, walikuwa wamemzika juzi tu. Nyumba ile waliijenga pamoja, naye Jurema akiuza chapati za muhogo.

"Na wewe umekubali?"

"Nifanyeje? Kwa padri hatukwenda, serikalini hatukwenda. Harusi yetu ni ile ya mchezo, penye moto wa sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Kila Juni mtaa ulitufanya bwana na bibi harusi. Tukacheka, tukala mahindi, basi."

Loo, Everaldo alitamani kitanda! Hata hivyo alivuta kiti, akaketi.

"Sikiliza, mama. Ule wa moto ni mchezo. Lakini mliishi pamoja, waziwazi, kama familia. Sheria yetu inamtambua mwenzi wa namna hiyo. Mmoja akifa, aliyebaki ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba yao."

"Hata bila cheti?"

"Hata bila cheti. Ila lazima uthibitishe. Tafuta picha zenu na watu waliowajua. Nenda kwa mawakili wa msaada wa sheria, hawamtozi asiye na uwezo. Na usihame!"

"Nani atanisemea mimi, mjane maskini?"

"Mtaa. Si ndio uliokuvisha shela?"

Jurema alifungua kesi, nayo ikasuasua hadi yeye na Wakili wakachoka. Everaldo alimsindikiza kila alipoitwa, huku akisinzia kwenye benchi. Hatimaye jirani mmoja akamwambia hakimu, "Mheshimiwa, Biu alimwogopa huyu mama kuliko polisi. Kama huyu si mke, basi mimi mke simjui."

Hakimu alicheka. Kisha akaamua: Jurema abaki nyumbani kwake.

Jumapili, Everaldo alikuwa mezani kwa Jurema, akila. Gilvan akasukuma mlango, akaingia.

"Shemeji," Jurema akasema bila kupaza sauti, "toka nje, upige hodi."

Gilvan alimtazama Wakili. Wakili akaendelea kutafuna.

Gilvan akatoka, akapiga hodi.