Maua Sita Yanayofanana

“Njoo saa tisa. Mkeo asijue.”

Ujumbe uliingia simu ikiwa juu ya benchi la kazi, mchongaji mwenyewe ametoka kunawa. Mkewe, aliyekuwa akishona mito ya viti karakana hiyohiyo, aliusoma mara mbili, akairudisha simu palepale. Hakulia. Hata yeye alijishangaa. Alishona mto mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

Miezi mitatu hiyo mumewe alikuwa mtu wa kutoka na kurudi bila neno. Ukimuuliza, amechoka. Ukimgusa, amelala. Mke alishazoea, kama mtu anavyozoea jino bovu.

Saa tisa alimfuata hadi mtaa wa pili, kwa yule dada wanayemwita Kompyuta, mwenye mashine inayochonga mbao kwa kufuata mchoro wa kwenye skrini. Akasukuma mlango.

Dada Kompyuta alikuwa mbele ya skrini yake. Mume amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono wa kulia mapajani kama kitu cha kuazima. Mashine ilikuwa ikichonga ua, lile la mgongo wa kiti ambalo wateja humfuata mumewe tu awachongee. Matano mengine yameegemezwa ukutani, yamefanana kama shilingi kwa ya pili.

“Wifi, usinifikirie vibaya,” dada alisema, akaizima mashine. “Ni yeye aliyeomba usijue.”

Mke akamgeukia mumewe. “Tangu lini?”

“Miezi mitatu. Vidole vimekufa ganzi, patasi inaniponyoka.”

Daktari alikuwa amemwambia mshipa wa fahamu umebanwa, na huenda mkono usirudi.

“Na mimi ukaniona nani?”

“Wewe uliolewa na mchongaji.”

Mke akapiga magoti, akambana kidole kwa kucha.

“Unasikia?”

“Hapana.”

Akabana kiganja. “Hapa?”

“Hapana.”

Akapanda hadi kiwiko.

“Hapo nasikia.”

Akashika hapohapo, asiachie. Hasira alikuwa nayo, ila aliisikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

Baadaye alisema wateja wataambiwa ukweli, kwamba mashine inatoa umbo na mkono unamalizia. Mume akauliza mkono wa nani. Mke akachukua ua moja na patasi.

“Linakosa nini?”

“Ncha za petali. Zimelala, ziinue.”

Akachonga.

“Umekosea,” mume alisema.

“Najua. Sogea karibu uone vizuri.”

Akasogea.