Video ya Mazishi ya Endel

Mama mdogo Helve alinipigia simu Jumamosi asubuhi, kahawa yangu bado ina moto, akaniambia kompyuta yake imeanza kupumua.

"Ni feni hiyo," nikamwambia. "Umebofya takataka gani safari hii?"

Hakucheka, na yeye ni mtu wa kucheka. "Njoo tu, Taavo. Njoo kukiwa na mwanga."

Kazi yangu ni kusafisha kompyuta za watu, na mama mdogo ndiye mteja wangu sugu, hata kama analipa kwa chakula. Nikamuaga mke wangu na binti yetu, nikaendesha gari kutoka mjini Tartu hadi kwake, vijijini Võru, katika mvua ya Novemba. Nilikuta mkate wa shayiri na jibini mezani, jiko la kuni likiwaka, na yeye amevaa koti ndani ya nyumba. Alikuwa amekonda. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu tumzike mumewe, Endel.

Nikaketi, nikavuta kompyuta. Taa ya kamera ilikuwa inawaka, na hakuna aliyeiwasha. Nikafungua orodha ya programu zilizokuwa zikifanya kazi, nikamwona mchawi mara moja. Lilikuwa faili lenye alama ya filamu, limeandikwa "Mazishi ya Endel". Lakini mwisho wa jina lake haukuwa wa video. Ulikuwa wa programu. Hiyo ndiyo trojani: faili linalojifanya kitu unachokitamani, ili ulifungulie mlango kwa mkono wako mwenyewe. Matapeli husoma matangazo ya vifo, kisha huwatumia wafiwa video za uongo. Nilipandwa na hasira. Hata mjane hawamwachi!

"Nani alipiga video makaburini, mama mdogo? Hakuna. Humu ndani hamna mazishi yoyote."

"Mimi nimeyatazama," akanong'ona.

"Umetazama nini?"

"Sisi wote. Tumeinama, tunamwaga mchanga." Alishika kikombe kwa mikono miwili. "Imepigwa kutoka chini, Taavo."

Nilimtazama nikitafuta dalili ya mzaha. Haikuwepo.

"Kila nikiifungua inaendelea kidogo," akasema. "Anatoka. Anatembea barabarani. Anafika kwenye msonobari wetu, anasimama, anarudi."

Msonobari huo naujua. Siku ya mazishi, njiani kwenda makaburini, tulisimamisha jeneza pale, kama wafanyavyo watu wa huku, na mimi mwenyewe nikachonga msalaba kwenye gome, ili marehemu akitaka kurudi nyumbani auone na ageuke. Nilichonga huku nikitaniana na binamu zangu.

"Barabara mlimfungia," mama mdogo akasema. "Mimi nikamfungulia hapa. Hospitalini aliniambia hatakwenda peke yake. Amekuja kunichukua."

"Acha hayo," nikasema, lakini sauti yangu ilikuwa ndogo.

Nikachomoa kebo ya intaneti. Nikaizima programu ile. Ikajiwasha. Nikaizima tena. Ikajiwasha. Basi nikaiwasha kompyuta upya katika hali salama, ambayo huacha programu ngeni zimelala, nikachomeka flashi yangu ya kusafishia. Ikalipata faili sehemu mbili: kwenye vitu vilivyopakuliwa, na kati ya programu zinazoamka zenyewe kompyuta inapowashwa. Kidole changu kilikuwa kinaelekea kufuta.

Dirisha la video likafunguka lenyewe kwenye skrini.

Lilionyesha jikoni humu humu. Watu wawili mezani, mmoja amevaa koti. Kamera ya kompyuta ilikuwa mbele yetu, lakini picha ilikuwa inatoka nyuma, mlangoni. Nilikuwa natazama kisogo changu mwenyewe. Na kilikuwa kinakaribia.

Nikafuta.

Feni ikanyamaza. Taa ya kamera ikazimika. Nikakagua mara ya pili: safi. Nikageuka. Makoti ukutani, viatu sakafuni, basi.

"Limetoka," nikasema.

"Faili limetoka." Mama mdogo alikuwa anautazama mlango. "Na yeye?"

Mimi huwaambia wateja wangu kila siku: kufuta trojani hakumtoi aliyekwisha kuingia. Unaziba tu pale alipopitia.

"Chukua mkoba. Unakwenda Tartu na mimi, sasa hivi."

Aliketi kando yangu garini. Tulitoka uani, tukashika barabara, na kengele ya mikanda ikaanza kulia. Nikatazama wake: umefungwa. Wangu: umefungwa. Alama nyekundu ilikuwa inaonyesha kiti cha nyuma.

"Ni mkoba wako," nikasema.

"Mkoba ninao mapajani."

Kengele ikaendelea. Kisha mkanda wa nyuma ukavutwa. Taratibu. Ukaingia: klik. Kengele ikanyamaza.

"Usigeuke," akanong'ona.

Sikugeuka. Nilisikia harufu ya mchanga mbichi.

"Simamisha gari, Taavo."

"Hapana, mama mdogo."

"Simamisha! Una mke na mtoto kule. Ukifika naye utamweka wapi?"

Nikasimamisha. Nilikuwa nalia, sioni haya kusema. Akashuka kwenye mvua, akafungua mlango wa nyuma, akasema kwa sauti ya mke anayemwamsha mume mlevi, "Haya, Endel, shuka. Huyu mtoto mwache. Nakwenda na wewe." Akaufunga mlango. Akarudi kuelekea nyumbani kwake, mkono mmoja ameutoa pembeni, kana kwamba kuna aliyemshika.

Nami nikakanyaga mafuta. Sikutazama kioo mpaka Tartu.

Nilikuwa nazima gari mbele ya nyumba yangu simu ilipolia. Alikuwa yeye, mzima, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Hayupo, mwanangu! Nimezunguka vyumba vyote. Nyumba ina joto tena. Nimevua koti!"

Binti yangu alikuwa anakuja mbio uani, mikono mbele, anaelekea mlango wa nyuma wa gari kama kawaida yake. Hapo ndipo nilipogeuka. Kiti cha nyuma hakikuwa na mtu, ila kimejaa mchanga wa manjano uliolowa, na mkanda wake ulikuwa bado umefungwa.