Boila ya Cucu Wangare

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mama yake akiwa ameshaenda shambani, Wanjugu alichemsha maji kwenye sufuria, akachovya kitambaa, akakikamua na kukizungusha kwenye magoti ya nyanyake, Cucu Wangare. Molo ni mahali pa baridi. Mwezi wa Julai ukungu hulala juu ya mashamba ya viazi mpaka saa nne, na alfajiri nyasi huwa nyeupe kwa jalidi. Baridi hiyo ilikuwa imemwingia Cucu kwenye viungo. Yeye aliyekuwa akibeba gunia la viazi mgongoni, sasa hakuweza kuinuka kitini bila kushikwa mikono yote miwili.

"Kimeshapoa," Cucu alikuwa akisema baada ya muda mfupi tu, akigusa kitambaa. "Basi, nenda shule, mama. Usichelewe kwa ajili yangu."

Huo ulikuwa mwaka wa 1969. Baba yake Wanjugu, Mzee Mathenge, alikuwa amenunua shamba pamoja na wenzake sita kutoka kwa Mzungu aliyerudi kwao. Katika kugawana, yeye alipata sehemu yenye nyumba ya mawe. Nyuma ya nyumba hiyo kulikuwa na chumba kidogo cha saruji ambamo zamani ilitengenezwa siagi. Siku moja, baba alipokuwa akikisafisha, alikuta sanduku kubwa la mbao chini ya magunia makuukuu. Misumari yake ilikuwa bado imekaza. Mzungu hakuwahi kulifungua.

Baba alilifungua kwa mtaimbo. Ndani, katikati ya nyasi kavu, kulikuwa na pipa nene la shaba lenye tanuru la kuni chini yake, mabomba, na saa ya duara yenye mshale mmoja. Ingawa chumba kilikuwa na giza, shaba ile iling'aa kama jua la asubuhi. Wanjugu aliigusa kwa ncha ya kidole, kisha akauondoa mkono haraka kana kwamba ameshika kitu cha kanisani.

Juu ya nyasi kulikuwa na kijitabu. Wanjugu alisoma jalada. "Baba, ni boila. Inatengeneza mvuke wa kujaza chumba, watu wakae ndani wapate joto."

Daktari wa Nakuru alikuwa amemwambia baba kwamba joto hulegeza viungo. Alikitazama chumba, akaitazama boila, akamfikiria mama yake aliyekuwa amejikunyata jikoni.

"Chumba tunacho," akasema. "Kuni tunazo. Tutafute fundi."

Fundi Wamalwa alifika kutoka Nakuru ndani ya lori lililokuja kuchukua viazi. Alikuwa mzee mrefu mwenye makovu ya moto mikononi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amelisha moto injini za gari la moshi. Aliizunguka boila mara mbili, kisha akaipiga kofi taratibu, kama mtu anayemsalimu ng'ombe mzuri.

"Mvuke naujua," akasema. "Umenibeba mpaka Mau Summit pamoja na mabehewa kumi na tano. Lakini mashine ya namna hii sijawahi kuifunga, na Kiingereza sijui kusoma. Kitabu kinasemaje?"

"Wanjugu atatusomea," baba akajibu kwa fahari. "Darasa lote la sita hakuna anayemshinda kwa Kiingereza."

Basi kila jioni Wanjugu alirudi shuleni mbio, akaketi juu ya sanduku tupu na kusoma. Alisoma sentensi, akaieleza kwa Kiswahili, na Fundi Wamalwa akafanya kama alivyoelezwa. Boila iliwekwa katika kibanda kilichopakana na chumba cha siagi, mabomba yakakaa mahali pake, dohani ikapanda juu ya paa, na bomba la mvuke likapenyezwa ukutani mpaka ndani ya chumba kile. Majirani walikuja kutazama. Cheptoo, rafiki yake wa darasani, alisimama mlangoni akiwa ameachama.

"Wewe ni mwalimu kabisa!" Cheptoo akamwambia.

Siku ya tatu walifika ukurasa unaohusu valvu ya usalama. Ilikuwa kifaa cha shaba juu ya boila, chenye kofia ya kufungwa kwa skrubu. Wanjugu alianza kusoma, kisha akakwama. Kabla ya kuwasha moto, kitabu kilisema, kitu fulani kifanywe jambo fulani kwenye valvu. Jina la kitu hicho lilikuwa fupi, herufi tatu tu, lakini hakulijua. Wala hakulijua neno la kitendo lililofuata.

Aliinua macho. Baba alikuwa akingoja. Majirani walikuwa wakingoja. Cheptoo alikuwa akimtazama kwa heshima ambayo Wanjugu hakuwahi kuipata kwa mtu yeyote. Uso wake ukapata joto.

"Wanasema… valvu isafishwe vizuri kabla ya kuwasha moto," akasema.

Fundi Wamalwa alichukua kitambaa, akaisugua valvu mpaka ikameremeta. "Haya, imesafika. Endelea."

Wanjugu akaendelea, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. Usiku alijiambia kuwa angemwuliza Mwalimu Jerop maana ya neno lile. Kesho yake, alipomwona mwalimu, alijiambia kuwa labda hata si neno la maana.

Jumamosi asubuhi moto uliwashwa. Cucu Wangare aliletwa akawekwa kwenye kiti karibu na tanuru, amefunikwa blanketi, na watoto wakamzunguka wakiota moto. Fundi Wamalwa aliufunga mkono wa bomba linaloingia chumbani, mvuke usipite. Alitaka kwanza kuona kama viungo vya mabomba vitavuja.

"Tazameni saa hii ya kupimia nguvu ya mvuke," akasema. "Mshale ukifika kwenye mstari mwekundu, valvu itajifungua yenyewe na kupiga mluzi. Msishtuke. Hapo ndipo boila inapopumua."

Kwa muda hakukuwa na la kuonekana. Kisha boila ikaanza kuimba, sauti nyembamba kama ya nyuki walio mbali. Mshale ukatikisika, ukapanda kidogo. Wanjugu alihisi sakafu ikitetemeka chini ya nyayo zake. Ilikuwa vigumu kuamini kwamba ndani mle kulikuwa na maji tu, maji yale yale aliyoyateka kisimani kwa ndoo.

"Ajabu ya Mungu," Cucu akanong'ona.

Mshale ulifika kwenye mstari mwekundu. Watoto wakaziba masikio. Valvu haikulia.

Mshale ukaupita mstari.

Fundi Wamalwa alikunja uso, akaigonga saa kwa kidole. "Saa hii imelala sandukuni miaka mingi. Huenda inadanganya." Akaitazama valvu, kisha akamgeukia Wanjugu. "Hebu niambie tena, mama. Kitabu kilisema nini juu ya valvu?"

Lilikuwa swali jepesi, naye alikuwa na jibu tayari. Angeweza kusema tena kwamba isafishwe. Aliyaona macho ya Cheptoo. Akamwona Cucu, amenyoosha miguu yake isiyokunjika hatua mbili tu kutoka kwenye ile shaba inayotetemeka.

"Sijui!" akapaza sauti. "Fundi, sijui! Hapo palikuwa na maneno nisiyoyajua. Ile habari ya kusafisha niliibuni mwenyewe. Lakini walisema kitu kifanywe kabla ya kuwasha moto!"

Fundi Wamalwa hakumkaripia. Uso wake ulibadilika, kwa kuwa sasa alijua kwamba saa ilikuwa ikisema kweli.

"Mathenge, mtoe mama! Watoto, nje! Mpaka kule kwenye ua, mbio!"

Baba alimnyanyua Cucu pamoja na blanketi lake na kukimbia. Wanjugu alimshika mkono mtoto mdogo kuliko wote, akamkokota. Alipogeuka, alimwona Fundi Wamalwa akikokota kuni zinazowaka kutoka tanuruni kwa koleo, cheche zikimrukia miguuni. Kisha mzee akajilaza sakafuni, akanyoosha mkono na kuufungua ule mkono wa bomba.

Mngurumo uliotoka haukufanana na kitu chochote alichowahi kusikia. Mlango wa chumba cha siagi ulifunguka kwa kishindo, na wingu jeupe likamwagika nje, likapanda juu ya paa, juu ya miti, likaendelea kupanda mpaka likaungana na ukungu wa Molo. Ng'ombe walikata kamba. Watu walisimama wameduwaa. Wote walifikiria jambo moja: kwamba wingu hilo lote lilikuwa limefungiwa ndani ya pipa moja, nao walikuwa wameketi kando yake wakiota moto.

Boila ilipopoa, Fundi Wamalwa aliifungua kofia ya valvu. Chini yake kulikuwa na skrubu fupi iliyoibana valvu isicheze wakati wa safari ya meli. Aliitoa, akaiweka katika kiganja cha Wanjugu. Haikuwa kubwa kuliko punje ya mahindi.

"Hiki ndicho walichosema tukitoe."

Wanjugu alilia. "Nilitaka watu wanione najua kila kitu. Ningewaua."

"Ulikaribia kutuua," mzee akasema, bila kumpunguzia. "Na mimi nina kosa langu. Nilipaswa kuifungua hiyo kofia kwa mkono wangu mwenyewe. Sasa nenda na kitabu kwa mwalimu wako. Kila neno usilolijua, lipigie mstari."

Jumatatu Wanjugu alimpelekea Mwalimu Jerop kijitabu chenye mistari kumi na mmoja. Waliketi na kamusi mpaka darasa likawa tupu. Neno lile la herufi tatu, 'gag', lilikuwa kibano cha kuizuia valvu, na lililofuata lilikuwa 'ondoa'. Mwalimu hakucheka hata mara moja.

Jumamosi iliyofuata moto uliwashwa tena. Safari hii hakuna aliyeruhusiwa karibu ila fundi. Wengine walisimama kwenye ua, wakatazama. Mshale ulipofika kwenye mstari mwekundu, valvu ilipiga mluzi mkali na kurusha mvuke mweupe angani, nao wote wakapiga makofi, Cucu akiwa wa kwanza.

Mvuke ulipoelekezwa chumbani kwa upole, Wanjugu na mama yake walimwingiza Cucu ndani. Kuta zilitiririka matone. Hewa ilikuwa laini na yenye joto, na nyuso zao zilionekana na kupotea katika weupe ule kama za watu wa ndotoni. Cucu alifumba macho. Baada ya muda alikunja goti moja polepole, kisha la pili. Hakuwa amepona; daktari alikuwa amesema itachukua miezi. Lakini walipomtoa nje na kumketisha kitini, alimsukuma pembeni baba aliyekuja kumwinua.

"Niache. Leo nataka kusimama mwenyewe."

Akasimama. Alitetemeka, akashika ukuta, lakini alisimama.

Fundi Wamalwa alikuwa akifunga spana zake kwenye gunia. Alimwita Wanjugu akae karibu naye.

"Nimefanya kazi na watu hodari sana," akasema. "Wengine mvuke uliwaunguza, na si kwa sababu hawakujua kazi. Waliona haya kuuliza. Mtoto anayesoma hatarajiwi kujua kila neno. Anatarajiwa kusema ukweli juu ya neno asilolijua, hata kama watu mia wanamtazama. Wewe ulichelewa kusema, lakini ulisema wakati uongo ulikuwa rahisi zaidi. Ndiyo maana leo nyanya yako amesimama pale. Safari nyingine, usingoje mpaka mshale upite mstari."

"Ndiyo, Fundi," Wanjugu akajibu, kisha akaenda kumshika Cucu mkono, wakatembea pamoja polepole kuelekea jikoni.