Seli Isiyojua Kufunga

Mchokozi alipowashwa hakuunguruma. Alitoa mlio mwembamba kama wa nyuki aliyenaswa ndani ya chupa, na pete yake ya kioo, pana kuliko mlango, ikaanza kupita polepole juu ya tumbo la Zaituni Kapalata. Hapakuwa na kisu wala damu. Picha ukutani ilionyesha yaliyokuwa yakitokea ndani ya kongosho lake: madoa mekundu ya uvimbe yalichemka, yakafuka, yakazimika moja moja.

Hivyo ndivyo saratani ilivyotibiwa Tabora mwaka 2094. Ndani ya seli za mwili mna mitokondria, tanuri ndogo zinazochoma chakula na kutoa nguvu. Tanuri za seli ya saratani hufanya kazi kwa pupa bila kupumzika. Zimejaa moshi wa sumu, na kuta zake zimechoka. Mchokozi alizichokoza. Mawimbi yake yaliongeza dhiki kidogo tu, kiasi ambacho tanuri nzima huvumilia na tanuri mbovu hupasuka. Ikishapasuka, seli hujiua yenyewe.

Taabu ilikuwa moja. Moyo nao umejaa tanuri, na ukichokozwa kupita kiasi hulegea. Kwa hiyo kipimo cha kila mgonjwa kilipangwa na Mwamuzi, akili bandia iliyofundishwa kwa rekodi za wagonjwa milioni mbili wa nchi za mbali. Mwamuzi hakuchoka wala hakupendelea, na katika kituo kile hakuna aliyembishia.

Mhandisi Nyamizi Luhende alikuwa mezani pake, macho kwenye mstari wa moyo. Hakuwa na wasiwasi. Zaituni alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja mwenye mikono ya makovu na ulimi mkali zaidi ya moto wake. Mwezi mzima wa Ramadhani alikuwa amelala chini ya pete ile mara ishirini na nne, kwa kipimo hiki hiki, bila kutikisika. Uvimbe uliokuwa na ukubwa wa limau ulikuwa umebaki kama punje ya kunde.

Leo ilikuwa siku ya pili baada ya Idi. Dakika ya tisa, mstari wa moyo uliyumba. Dakika ya kumi ukakatika.

Nyamizi alizima mtambo kwa ngumi. Wauguzi waliingia mbio, na baada ya muda uliokuwa mrefu kwa kila mtu chumbani, moyo wa Zaituni ulirudi. Neno lake la kwanza lilikuwa tusi kwa mtambo.

Jioni ile Mwamuzi alitoa hukumu: moyo umechoka, tiba imekoma, mgonjwa ahamishiwe Nyumba ya Utulivu ndani ya siku nne. Kila mtu kituoni alijua maana yake. Nyumba ya Utulivu ilikuwa na maua, dawa za maumivu na vitanda laini, na hakuna aliyewahi kurudi kutoka huko. Punje ya kunde ingekuwa limau tena kabla ya mvua za vuli.

Nyamizi ndiye aliyempelekea habari. Zaituni alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama huko kwenye maua kuna kazi ya kuchomelea. Alipoambiwa hakuna, akasema basi hana la kufanya huko.

"Mdogo wangu," akasema, "chuma kilichostahimili moto mara ishirini na nne hakivunjiki mara ya ishirini na tano bila sababu. Fundi akiona hivyo halaumu chuma. Anatazama amebadilisha nini."

Maneno hayo yalimfuata Nyamizi mpaka mezani. Akafungua rekodi za mwezi mzima, siku kwa siku. Kipimo kilikuwa kile kile. Mawimbi yale yale. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika. Mwezi wote ule, damu ya Zaituni ilikuwa na sukari ya chini kila asubuhi kabla ya tiba. Leo ilikuwa juu. Pembeni Mwamuzi alikuwa ameandika maelezo yake: *uvimbe wa mgonjwa unakula sukari nyingi.* Nyamizi akatafuta wengine wenye maelezo kama hayo. Akawapata saba, Zaituni akiwemo. Wote saba sukari yao ilishuka siku moja, na wote ilipanda siku moja, baada ya Idi.

Uvimbe gani huo, akajiuliza, unaojua mwandamo wa mwezi?

Lakini sheria ya kituo ilikuwa kali: hakuna mgonjwa anayeingia kwa Mchokozi bila kunywa uji. Mlishaji, mashine ya magurudumu iliyogawa chakula, ilipima kila bakuli likienda na likirudi. Bakuli za wale saba zilirudi tupu mwezi mzima. Mtu alikuwa ameunywa uji ule. Nyamizi akapitia uzito wa wagonjwa wa wodi ile, na alipofika kitanda cha tisa akacheka peke yake. Katika wodi ambayo kila mtu alikuwa akikonda, bwana Chilongani wa Manyoni alikuwa ameongezeka kilo tano.

Asubuhi alimkuta akibishana na Zaituni kama kawaida yao. Chilongani alikuwa Mgogo, dereva mstaafu wa reli ya sumaku, mgonjwa wa saratani ya ini. Zaituni alikuwa Mnyamwezi. Na Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Wodi nzima ilikuwa imezoea matusi yao. Nyamizi alivuta kiti akauliza, kwa sauti ya chini, nani alikuwa akinywa uji wa nani.

Chilongani akafuta midomo kana kwamba uji bado upo.

"Babu zao walipokuwa wakipita Ugogo na pembe zao za ndovu, tuliwatoza hongo ndipo wanywe maji," akasema. "Hawa nao walitaka kupita. Nikawatoza bakuli moja kila kichwa."

Zaituni akamaliza habari. Daktari alikuwa amewaambia kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula. Yeye alijibu kwamba ruhusa si amri, na kwamba mwili wenyewe ni wake, saratani ni yake, na saumu ni yake. Wengine sita wakamfuata. Mlishaji ilipouliza kama wamekula, walijibu wamekula, wameshiba, Mungu awabariki waliopika. Si vizuri kumwambia aliyekuletea chakula kwamba hukukila. Na Chilongani, asiyefunga, alikunywa bakuli zao saba na la kwake.

Sasa Nyamizi alielewa. Seli yenye afya ikinyimwa chakula hupunguza kazi, hufunika tanuri zake, hukaa chonjo kama mji uliosikia habari za vita. Dhiki ikija huikuta imejiandaa. Seli ya saratani haijui kufunga. Imekwisha kuvunja kila breki. Hata njaa ikija, yenyewe hukimbia kwa pupa ile ile, mlango wazi, mpaka Mchokozi anaikuta. Si njaa iliyoponya. Aliyeponya ni Mchokozi, lakini njaa iliuvisha moyo ngao. Na jana, kwa kutii sheria, Zaituni alikuwa ameingia vitani bila ngao.

Mkurugenzi wa kituo, Daktari Lusajo Mwakatobe, alimsikiliza Nyamizi bila kumkatiza. Hakuwa mtu mbaya. Alisema hoja ile ni nzuri na iandikwe, ipelekwe kwa wenye Mwamuzi ng'ambo, waichunguze miaka miwili mitatu. Nyamizi akamkumbusha kwamba Zaituni ana siku tatu.

"Mwamuzi amesoma watu milioni mbili," Mwakatobe akasema. "Wewe una saba, tena waongo."

"Katika milioni mbili hizo, daktari, wangapi walifunga?"

Wote wawili walijua jibu. Kule rekodi zilikotoka, kila mgonjwa alikula kabla ya tiba. Hakuna aliyeuliza kama kuna watu duniani wanaoishi namna nyingine.

"Basi hajasoma watu," Nyamizi akasema. "Amesoma wa ng'ambo, halafu anatuhukumu sisi."

Kila Mchokozi alikuwa na ufunguo wa mkono, wa kumweka Mwamuzi kando. Sheria iliruhusu mhandisi autumie mgonjwa akikubali, ila lolote litakalotokea ni juu ya mhandisi huyo. Tangu kituo kifunguliwe ufunguo ule haukuwahi kutoka kwenye kabati lake. Mwakatobe alimwambia akiugusa, hana kazi tena hapa. Nyamizi alikwenda kabatini, akavunja lakiri, akauchukua.

Zaituni alifunga siku mbili. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, alijipandisha mwenyewe kwenye kitanda cha tiba, akakataa kushikwa mkono. Wale sita walisimama nje ya kioo. Chilongani aliletwa kwa kiti cha magurudumu, akatangaza kwamba amekuja kumwona Mnyamwezi akilia.

Nyamizi aligeuza ufunguo. Skrini ya Mwamuzi ikatoa onyo jekundu, kisha ikanyamaza. Sasa kipimo kilikuwa mikononi mwake. Pete ikaanza kupita. Dakika ya tano, punje ya kunde ilianza kufuka. Dakika ya tisa mstari wa moyo uliinama, na Nyamizi akashika swichi.

"Usizime," Zaituni akasema, macho juu. "Nasikia panapouma. Si moyoni. Endelea."

Mstari ulitetemeka, ukatafuta, ukasimama. Dakika ya kumi ikapita. Dakika ya kumi na mbili doa jekundu la mwisho lilipasuka na kuzimika. Pete ilifika mwisho wa reli yake. Nyuma ya kioo mtu alianza kulia, na hakuwa Zaituni. Alikuwa Mgogo.

Habari ile ingeishia hapo kama ingekuwa ya kujifurahisha. Lakini Nyamizi alikuwa bado hajaisoma rekodi ya kitanda cha tisa mpaka mwisho. Sasa aliisoma. Bakuli nane za uji wenye sukari, kila asubuhi, mwezi mzima. Seli zake zenye afya ziliingia kwa Mchokozi zikiwa zimeshiba na kulala. Moyo wake ulilegea mara tatu, na mara tatu Mwamuzi alimpunguzia kipimo, mpaka kikawa si tiba tena. Uvimbe wa ini haukupungua. Ulikuwa umepata mwezi mzima wa kukua.

Alimweleza yote, kwa sababu aliona ni haki yake. Chilongani alisikiliza akiangalia dirishani.

"Ulijua uji unakudhuru?" Nyamizi akauliza.

"Tumbo lilinikataa tangu wiki ya pili. Lakini Mlishaji anapima bakuli, mwanangu. Ningeacha mimi, wangekamatwa wao." Kisha akatabasamu. "Halafu ulikuwa na sukari nzuri."

Alijaribu kufunga. Alifunga siku nne, na kwa ufunguo ule ule Nyamizi alimpitisha chini ya pete mara mbili. Moyo ulistahimili, lakini uvimbe ulikuwa umeshavuka mipaka ya ini. Alifariki Alhamisi mchana, Zaituni akiwa kando yake akimtukana ukoo mzima mpaka pumzi ya mwisho.

Walimzika Manyoni siku iliyofuata. Jeneza lilipokaribia kaburi, mwanamke mwenye makovu mikononi alijitupa njiani akalizuia. Ndugu wa marehemu hawakushangaa. Walimtambua kuwa mtani, na mtani ana haki yake msibani. Alikuwa amebeba bakuli la uji. Akaliweka juu ya jeneza, akapiga ubao mara tatu kwa kiganja, akaimba kwa sauti isiyotetemeka:

*Mgogo inuka unywe, uji wako umepoa;*
*hongo tulikupa wewe, maisha ukaokoa.*

Watu walicheka huku wakilia. Zaituni alisubiri kidogo, kana kwamba kweli angejibiwa. Kisha akaunywa uji ule mwenyewe hadi tone la mwisho, akatoka njiani.

Walipokuwa wakirudi stesheni alimwambia Nyamizi kwamba wao saba ndio waliomuua, kwa uongo wao. Nyamizi akamjibu.

"Mlidanganya, dada, na tutaubeba uongo huo. Lakini mlidanganya kwa sababu pale ndani hapakuwa na swali ambalo jibu lake la kweli lingepokewa. Hilo halikuwa kosa lenu. Nami sitaliacha lilivyo."

Barua ya kumwachisha kazi ilimkuta mezani, ikianza Jumatatu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Alikuwa na siku moja ya kazi, nayo akaitumia yote. Aliketi mbele ya Mwamuzi akaingiza rekodi za wale saba upya, kwa ukweli: walifunga, hawakunywa uji, walisema wamekunywa. Mwamuzi alikataa mara ya kwanza, akizitaja kuwa makosa. Nyamizi aliingiza ufunguo wa mkono, akaziingiza tena. Mwakatobe alipita mlangoni, akasimama, akamtazama kwa muda. Hakumwambia aache.

Ikabaki rekodi ya mwisho.

"Mgonjwa wa kitanda cha tisa alikula?" Mwamuzi akauliza.

"Alikula. Bakuli nane kwa siku."

"Chagua sababu. Njaa. Dawa. Amri ya daktari."

Nyamizi alizifuta zote tatu. Akafungua nafasi mpya ambayo waliomtengeneza Mwamuzi hawakuiwazia, akaandika herufi kwa herufi: *Alibeba wenzake.*

Skrini ilitulia.

"Sababu hii siijui," Mwamuzi akasema.

"Basi jifunze," Nyamizi akasema, akabonyeza hifadhi, akaacha ufunguo juu ya meza.