Fulana ya Mzee Kelestini

Ukisikia simu ya Noela wa kijiji cha Mbingu inalia katikati ya misa, naye haizimi, usimcheke. Ana sababu.

Baba yake, mzee Kelestini, alikuwa na moyo mbovu. Mradi mmoja wa afya ukampa fulana iliyofumwa kwa nyuzi zinazohisi mapigo ya moyo na mijongeo ya mwili. Kila kitu kilionekana kwenye simu ya Noela, na hatari ikitokea, simu ililia.

Tatizo likawa ndege. Mpunga uliposhika punje, mzee alishinda juu ya dungu, kibanda cha kulindia shamba, akirusha mabonge ya tope kwa kombeo. Aliyafinyanga kwa mkono wa kushoto, ule ambao kidole kidogo kilikatwa na mundu zamani. Kila akizungusha kombeo, moyo ulipanda, na simu ikalia. Noela akakimbilia shamba mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Kila mara alimkuta mzee yu mzima, akimcheka. Mwishowe akazima sauti, wala hakumwambia mtu.

Siku moja, saa tisa mchana, simu iliwaka nyekundu. Noela aliitazama, akaendelea kupepeta mchele. Jioni walimkuta mzee dunguni, ameshapoa. Wakamzika na fulana yake, maana aliipenda.

Majuto ni mjukuu, lakini kwa Noela hayakungoja.

Wiki tatu baadaye, saa tisa ileile, simu ikawaka. Moyo: mia na ishirini. Mkono wa kulia: unazunguka. Akampigia Maximilian wa mradi, naye akasema betri ya fulana haifiki hata siku nne, huenda mtambo umechanganya watu. Kesho yake ikawaka tena. Keshokutwa, tena. Noela alijua anaitwa, na aliogopa kuitika kuliko alivyoogopa kifo.

Siku ya nne akaenda.

Kaburi lilikuwa zima, nyasi zimeanza kuota juu yake. Mashamba ya majirani yalijaa kwelea. Kwenye shamba la baba yake hapakuwa na ndege hata mmoja.

Akapanda dungu. Kombeo lilikuwa limelowa. Pembeni yake, mabonge ya tope, mabichi. Akaokota moja. Lilikuwa na alama za vidole. Akazihesabu. Vinne.

"Shikamoo, baba," akanong'ona. "Siku ile niliiona simu. Sikuja."

Moyo: tisini. Sabini. Hamsini.

Ubao ukalia nyuma yake, kama unavyolia mtu akiinuka. Simu ikamponyoka. Akaruka chini, akakimbia bila kugeuka.

Hakuna aliyethubutu kuifuata simu dunguni.

Asubuhi aliikuta kwenye kizingiti cha mlango wake, betri imejaa. Mgongoni mwa simu palikuwa na tope, alama za vidole vinne, bado linanata. Na sauti aliyoizima kwa mkono wake mwenyewe ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho.