Niulize Ukiwa Peke Yako

Ukumbi wa hospitali ulijaa vijana wa miaka kumi na tisa waliojitolea kwa utafiti wa ubongo. Mshonaji, katika gauni la kijani alilolishona mwenyewe, alikuwa amepata kiti kimoja tu kilichosalia, mara kijana mwenye ovaroli iliyojaa grisi akaja kusimama mbele yake.

"Samahani, dada. Hapo niliacha kofia yangu."

"Nimeikalia. Kama ni ya thamani, nitainuka."

"Kaa tu. Haijawahi kupata heshima kama hiyo."

Kijana huyo alikuwa fundi mwanagenzi wa pikipiki. Katika kipimo, kila mmoja aliendesha gari kwenye skrini, na kila taa ya njiani ilipogeuka njano alipaswa kuamua: asimame au apite. Fundi alipokuwa peke yake, alisimama kila mara. Wenzake wawili wa gereji walipoingizwa kumtazama, alipita taa saba na kugonga mara tatu.

Mtafiti, mama mwenye miwani minene, hakumlaumu. Alieleza kwamba sehemu ya ubongo inayopenda msisimko huwahi kukua, ilhali ile ya mbele, inayopima matokeo, huendelea kukomaa hata baada ya miaka ishirini. Na kwamba macho ya marafiki huichochea ile ya kwanza.

"Umesikia?" mshonaji alimwambia walipotoka. "Wewe ni mtu wa kufungiwa ndani."

"Ufunguo ukae nao wewe."

Kwa miezi mitano walipigiana simu kila adhuhuri.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula uzi. Wewe?"

"Spana."

Alasiri moja mshonaji alimpelekea gereji shati jeupe alilomshonea kwa siku tatu. Wenzake wanne walikuwa wameketi juu ya matairi.

"Fundi, mkeo kaja kukuvika," mmoja alisema.

Fundi hakuinua macho. "Mke gani? Huyo ananishonea nguo tu."

Walicheka hadi wakashikana mabega. Mshonaji aliliweka shati juu ya injini iliyolowa mafuta, akaondoka bila kuharakisha, na kabla hajafika barabarani alikuwa ameizuia nambari ya fundi.

Siku ya tatu fundi alimpigia simu shangazi, muuguzi aliyemlea mshonaji.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ndiwe uliyemkana mwanangu?"

"Ndimi."

"Angalau hili hulikani." Akampa mshonaji simu.

"Mpenzi, nisamehe. Yule mtafiti mwenyewe alisema, mbele ya wenzetu ubongo wetu…"

"Alieleza tu, hakukupa kibali. Ubongo wangu una umri huohuo, nami nilikuja mbele ya macho hayohayo. Mbona sikukukana?"

Mshonaji akakata simu.

"Vizuri," shangazi alisema. "Usimrudie. Nawe pia hujakomaa. Utachagua mtu ukifika miaka ishirini na mitano."

"Na hadi hapo nikae wewe ukinichagulia? Nilichagua cherehani ukanuna mwaka mzima. Leo huvai nguo nisiyoishona mimi. Nikikosea, shangazi, kosa litakuwa langu."

"Mdomo, hata hivyo, umekomaa."

Kesho yake fundi aliingia katika duka la mshonaji akiwa amevaa lile shati, doa la mafuta kifuani, wenzake wanne nyuma yake. Wateja wakageuka.

"Huyu ni mpenzi wangu," alisema kwa sauti. "Nilimkana kwa kuogopa kuchekwa." Wenzake wakapiga makofi, na sauti yake ikapanda. "Na nataka kumwoa. Hata leo."

Miluzi ikajaa duka. Mteja mmoja alikuwa ameshaanza kupiga vigelegele. Masikio ya mshonaji yalipata moto. Neno "ndiyo" lilikuwa limefika ulimini. Akalimeza.

"La kwanza nimelipokea," alisema. "La pili hukuliuliza wewe. Wameliuliza hawa. Kesho saa moja asubuhi, kabla sijafungua, njoo peke yako. Usipokuja, nitakuwa nimejibiwa."

Saa moja kasorobo fundi alikuwa mlangoni, peke yake. Barabara ilikuwa tupu.

"Umelala?" mshonaji aliuliza akifungua mlango.

"Kidogo. Sitasema tena 'hata leo.' Mafunzo yangu yamebakiza miaka miwili, na chumba sina. Ikiisha, nataka uwe mke wangu. Wakinicheka, wacheke."

Hakuna aliyepiga mluzi.

"Ndiyo," mshonaji alisema, akatoa simu palepale. "Shikamoo, shangazi. Nimemkubali. Miaka miwili ijayo."

"Utakuwa na ishirini na mmoja. Utakuwa bado hujakomaa."

"Najua, shangazi. Nitakomaa nikiwa naye."