Usicheke, Edina

Mapenzi ya wengine huanza kwa jicho. Haya, jamani, yalianza kwa chungwa.

Ilikuwa mwaka tisini na tatu, soko la Majengo limefurika mitumba na redio za kila rangi. Edina, mwalimu wa chekechea, alikatiza katikati ya watu na gauni lake la kijani, akimenya chungwa, ganda likishuka refu bila kukatika. Mbele yake kijana mwenye kamera alikuwa akimbembeleza mtoto aliyelia mpaka makamasi. Mtoto akaliona lile ganda. Kilio kikakoma, mdomo wazi, macho yamemtoka. Kamera ikalia.

"Dada, usiondoke! Huyu kanihangaisha tangu asubuhi. Naitwa Respicius. Jumapili njoo na machungwa mengine."

"Kwani mimi muuza machungwa?" alisema Edina.

Jumapili akaenda.

Ikawa ndiyo kazi yao. Respicius alichukia picha za studio, mtoto kasimamishwa mbele ya pazia kama mshtakiwa. Aliwatoa nje, kwenye mawe na jua la jioni, na Edina akasimama nyuma yake akiwafanyia vituko mpaka washangae. Kila alipomwita "mwalimu wangu", moyo wa Edina ulilainika. Lakini Respicius kutamka neno lenyewe la mapenzi? Wapi!

Siku moja akamwambia avae vizuri. Edina akasuka nywele, akavaa kitenge kipya, akajua leo ndiyo leo.

"Simama ukutani. Wima. Miguu ionekane, na masikio yote mawili. Usicheke."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mpenzi."

Mpenzi! Watoto wa watu anawachekesha, yeye anamnyoosha kama wa picha ya kitambulisho, halafu anamwita mpenzi. Mtu kama huyo utamwelewaje? Edina alinuna, na picha ikapigwa hivyo hivyo.

Baadaye akaiulizia.

"Nimeshaituma," alisema Respicius.

"Kwa nani?"

"Subiri, utajua."

Anastazia, mwalimu mwenzake, aliposikia alijipiga paja. "Shoga, umekwisha! Picha ya wima hutumiwa mwanaume anayetafuta mke. Huyo wako ni dalali tu, ana rafiki yake huko migodini."

Edina akaenda posta, akapiga simu duka la jirani na studio anakosafishia picha Respicius, akaitwa.

"Umenipeleka kwa mwanaume gani?"

Respicius akaangua kicheko. "Mwanaume? Edina, mpenzi..."

"Usiniite mpenzi!" Akakata simu, akalia njia nzima. Kama hanitaki, mpenzi ya nini? Kama ananitaka, picha yangu iko kwa nani?

Jumapili hakwenda. Respicius akamfuata nyumbani kwake Nzuguni kwa baiskeli, shati jeupe limegeuka jekundu kwa vumbi, kamera kifuani, watoto wa jirani wakimkimbilia nyuma.

"Picha nilimtumia mama, Bukoba," alisema akihema. "Zile zangu za vicheko hazitaki. Anasema mkwe hutazamwa akiwa ametulia, mzima, kichwa mpaka miguu."

"Mama yako? Akasemaje?"

"Kanipigia simu jana. Amekupenda. Ila kauliza, mbona binti kanuna hivi, umemkosea nini?"

"Ana akili kuliko wewe! Mama yako umemuuliza. Mimi umeniuliza lini?"

Respicius akaiachia baiskeli ianguke. Kisha akapiga goti palepale vumbini. Mwanaume mzima, mbele ya mwanamke, hadharani! Nzuguni walikuwa hawajaona jambo hilo.

"Nisamehe. Edina, utakubali nikuoe?"

Watoto waliganda. Midomo wazi, mmoja kidole puani, mwingine kashika suruali isidondoke, na jua la jioni likiwapiga usoni. Edina aliwaona. Hata yeye, kwa Jumapili zote zile, hakuwahi kuwashangaza watoto namna hiyo.

"Respi, geuka uone sura za hawa watoto. Haraka, piga!"

"Waache," alisema Respicius, kamera inaning'inia tu, macho hayabanduki kwake. "Nijibu kwanza."

Hapo Edina akaelewa.

"Nimekubali," alisema.